Tungule za Masika

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mayasa hutoka nyuma ya nyumba kuangalia bustani yake. Anaishi Chukwani, karibu na bahari, na mumewe, Jecha, pamoja na mama mkwe wake, Bi Kulthum. Bustani ina mchicha, bilingani na tungule, yaani nyanya. Wanakula wenyewe, na zinazobaki huwauzia majirani.

Lakini masika yakija, tungule humtia majonzi. Mvua huzipiga usiku na mchana. Majani huingia ukungu. Matunda huoza kabla hayajaiva. Mwaka mmoja hakupata hata tungule ya kutia mchuzini.

Kaka yake, Suhail, anafanya kazi Ulaya, katika shamba la mboga. Siku moja alimwonesha shamba hilo kwa simu. Nje theluji ilikuwa imejaa. Ndani ya nyumba ya nailoni, mboga zilikuwa kijani kibichi.

"Hiki ndicho kitalu nyumba, dada," alisema Suhail. "Funga pande zote. Joto lisipate pa kutokea."

Jecha ni seremala. Alisimamisha boriti za mvinje, akatandaza nailoni juu na pembeni, mpaka mlangoni. Mayasa akapanda miche ya tungule mapema, ili mvua zikute imeshashika.

Mwanzo miche ilirefuka haraka. Kisha maua yakaanza kupukutika. Kila akiingia, Mayasa aliyakuta chini, yamekauka. Nailoni nayo ilitoa jasho kwa ndani, na matone yakaangukia majani.

"Labda joto halijatosha," alisema Mayasa. Akaziba hata matundu madogo.

Siku moja, adhuhuri, Bi Kulthum aliingia humo kung'oa magugu. Mayasa alipokwisha kupakua chakula, alimwita.

"Mama!"

Bi Kulthum akiitwa huitika "Naam!" mpaka jirani akasikia. Safari hii kimya. Mayasa akaita tena. Kimya. Akatupa mwiko, akakimbia.

Bi Kulthum alikuwa ameanguka baina ya matuta. Ngozi yake ilikuwa inawaka moto.

"Jecha! Njoo! Mama!"

Walimtoa nje, wakamlaza kivulini. Wakamlegeza nguo, wakamfuta kwa kitambaa cha maji na kumpepea. Jecha alikuwa anaita gari kwa simu. Hapo Bi Kulthum akafumbua macho.

"Mnanirowesha nguo zangu," alisema kwa sauti ndogo.

Mayasa alilia na kucheka kwa pamoja. Hata hivyo walimpeleka hospitali. Daktari alisema joto lilimzidi, akamtibu, akawaambia wamshukuru Mungu kwa kumuwahi. Jioni Bi Kulthum alirudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Lakini Jecha alikuwa na hasira. Alichukua kisu, akaelekea bustanini.

"Nnakwenda kulibomoa banda lile. Leo lingemuua mama yangu!"

"Bomoa," alisema Mayasa. "Hata mimi silitaki tena."

Aliyewazuia ni Bi Kulthum mwenyewe. "Mtafuteni kwanza mtu anayejua. Mkishabomoa, mtamuuliza nini?"

Asubuhi yake Jecha alimleta Rahila, bibi shamba wa sehemu zile.

"Shikamoo, Bi Kulthum. Pole kwa yaliyokukuta."

"Marahaba, mwanangu. Nshapoa. Katazame huko."

Rahila alitia mkono mlangoni tu, akautoa. "Loo! Hili tanuri."

Mayasa aliinamisha kichwa. "Ndivyo alivyonielekeza kaka yangu."

"Kaka yako hakukosea," alisema Rahila. "Kule kwao adui ni baridi, ndiyo maana wanalifungia joto ndani. Hapa kwetu, masika, adui wa tungule ni nani?"

Mayasa alifikiri kidogo. "Mvua."

"Basi. Mvua inatoka juu. Wewe unahitaji paa. Kuta hizi huzihitaji. Joto likizidi, maua hupukutika. Pasipokuwa na upepo wa kuyatikisa, hayashiki tunda. Na matone haya ndiyo yanayoleta ukungu."

"Nikitoa nailoni ya pembeni, wadudu si wataingia?" aliuliza Jecha.

"Weka wavu wa matundu madogo. Upepo utapita, mdudu atakwama. Chini ya paa, acha uwazi wenye wavu, hewa ya moto itoke. Kisha chimbeni mfereji kuzunguka, maji ya mvua yasiingie ndani."

"Na kumwagilia?" aliuliza Mayasa.

"Asubuhi, kwenye shina. Usirowanishe majani. Na jua likiwa kali, mtu asifanye kazi humu. Hata kwenye wavu, mtu huzidiwa."

Siku ileile Jecha alikata nailoni ya pembeni. Upepo wa baharini ukaingia, majani yakacheza. Mayasa alivuta pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Alikata majani yenye ukungu na kuyatupa mbali. Jecha akafunga wavu, akachimba mfereji.

Maua mapya yalitoka. Haya hayakupukutika. Nyuma ya kila ua kikatokea kitungule kidogo, kijani.

Masika yakaingia kwa nguvu. Mvua ilipiga paa la nailoni kwa kishindo, maji yakateremka mferejini, yakaenda zake. Ndani, chini ya paa, tungule zilikuwa zinageuka nyekundu, moja baada ya moja. Mayasa alizichuma huku mvua inanyesha, nguo zake kavu.

Jirani yao, Mwamvua, alikuja amejifunika kanga kichwani. Bustani yake yote ilikuwa imelala matopeni.

"Mayasa, tungule masika haya? Umezitoa wapi?"

"Hapo nyuma. Ingia uone."

Mwamvua aliingia. Aliutazama wavu, akautazama mfereji, akashika tungule moja iliyojaa kiganja.

"Na mimi nitaweza?"

"Utaweza," alisema Mayasa, akimjazia kikapu. "Mvua ikipungua, njoo na jembe. Tutaanza na mfereji."