Lori la Ctibor na Malapa ya Wageni

Ilianza harufu. Draha alidhani ni soksi za mumewe, akazinusa, akacheka mpaka akashika ukuta. Wala! Hii ilikuwa ya panya aliyefia kwenye supu ya kabichi.

"Ctibor, umeingiza nini humu ndani?"

Mumewe kainamia lori lake la jeshi, lile la kubebea askari porini, la plastiki, la kuunganisha kwa gundi, dogo kama mkate. Limeisha, bado kuchafuliwa tu. Wanaume wa mji huu wa Plzeň ndivyo walivyo, jamani! Kitu kikishapendeza wanakipaka uchafu kifanane na cha kweli. Na huyu rangi haikumtosha.

"Tope la kule bwawani," akanong'ona kwa majivuno. "Lilikozama lori la kweli."

"Na askari wake walitolewa?"

Ctibor akajifanya anasafisha brashi.

"Litupe! Jumapili binti yetu Blanka anamleta mtoto. Mjukuu wangu hatanusa maiti, mimi nipo."

"Likauke kwanza, mke wangu."

Tope halikukauka. Lilivimba, likachuruzika kama usaha, na kwenye usaha nywele, na katikati ya nywele ukucha wa dole gumba la mguu, wa mtu mzima, wa njano. Draha akatapika kwenye sinki. Jumapili asubuhi akalibeba lori lote ndani ya gazeti, akalitupa jalalani chini ya ghorofa, akarudi akapiga deki nyumba nzima.

Sakafu haijakauka, wakasikia mabuti ngazini, bwata, bwata, mazito, yamejaa maji, yanapanda bila haraka, na uvundo unayatangulia chini ya mlango, na kitasa kinazunguka chenyewe, na tope linaingia kwenye deki ya Draha.

"Usiseme kitu," Ctibor akanong'ona.

Lakini Draha na sakafu yake! Mdomo ukamponyoka, kama kwa mgeni yeyote:

"Vueni viatu! Malapa yapo hapo!"

Mabuti yakakoma.

"Umeikaribisha," Ctibor akasema. "Mizimu, Draha. Umeipa malapa!"

Mlangoni mabuti yamepangwa vizuri, funza wanachungulia. Malapa ya wageni hayapo. Na mtu akivaa malapa humsikii tena anakotembea.

Blanka alipofika, mtoto alikuwa begani kwake, anamchekea mtu nyuma, anamung'unya kitu. Draha akamtia kidole mdomoni, akakivuta.

Ukucha. Wa mguu wa pili.