Tela Lililorudi Peke Yake

Uani kwa Baba Pacha kulikuwa na matofali ya saruji kila mahali. Mengine yalikuwa bado mabichi, yamefunikwa magunia yaliyoloweshwa. Mengine yalikuwa yameshakauka, yamepangwa ukutani. Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyechanganya saruji na mchanga, na ndiye aliyeyamwagilia maji. Mume alifyatua, kisha akayapeleka kwa wajenzi. Alikuwa na pikapu kuukuu na tela la magurudumu mawili.

Asubuhi hiyo alipakia kama kawaida yake. Matofali aliyarundika nyuma ya tela. Mbele aliacha wazi.

"Mbona unajaza mkiani tu?" mkewe akauliza.

"Nikijaza mkiani, pua inakuwa nyepesi. Naiinua kwa mkono mmoja, naipachika, naondoka. Kichwa hiki si cha kufugia nywele tu, Mama Pacha."

Akainua pua ya tela. Chini ya pua ile kuna kikombe cha chuma. Kikombe hicho hukaa juu ya kirungu, yaani kile chuma cha mviringo kilichofungwa nyuma ya pikapu. Kilikaa, lakini kilicheza. Ukilitikisa tela, linagonga: ko, ko, ko. Baba Pacha akakata kipande cha mpira wa tairi, akakisokomeza ndani ya kikombe. Kelele zikaisha.

"Na mnyororo wake?"

"Mnyororo unafungia geti. Tela litakwenda wapi? Lina miguu?"

Wakapanda wote wawili, wakaondoka.

Njia ya kwenda kwa wajenzi ilipanda kilima kirefu. Katikati ya kilima, kando kabisa ya barabara, aliishi dada yake Baba Pacha, mshona nguo. Cherehani yake aliiweka barazani apate mwanga. Asubuhi hiyo alikuwa anapinda sketi za shule. Pasi yake ikapoa, akainuka kwenda ndani kuongeza makaa.

Kilimani pikapu ikaanza kuguna. Tela likayumba kushoto, likayumba kulia. Baba Pacha akakanyaga mafuta. Mkia mzito ukavuta chini, pua nyepesi ikanyanyuka, kile kipande cha mpira kikaruka na kikombe kikachomoka kwenye kirungu.

Mama Pacha akatazama kioo cha pembeni. "Simama! Simama, wewe! Tela linarudi!"

Tela lilishuka kinyumenyume, likakata kona lenyewe, likapanda baraza la mshona nguo. Kiti chake kikawa kuni. Meza ya cherehani ikapasuka. Matofali yakamwagika mpaka mlangoni.

Mshona nguo akatoka, pasi mkononi. Akatazama pale alipokuwa amekaa. Halafu akamwona kaka yake anakuja mbio.

"Kaka! Ulitaka kunizika kwa matofali?"

"Si mimi, dada. Barabara hii mbovu..."

"Barabara ndiyo iliyofunga tela? Nijibu! Watoto wa shule wanapita hapa. Ningekuwa nimekaa, saa hizi mngekuwa mnatafuta sanda. Sikia vizuri. Tela hilo halipiti tena mbele ya mlango wangu. Nitalala barabarani. Unipite juu, umalize kazi uliyoianza."

Hapakuwa na njia nyingine ya gari. Bila kupita pale, hakuna tofali litakalofika kwa mjenzi.

Waliporudi nyumbani na tela tupu, Baba Pacha aliwaka kama jiko. "Aliyelitengeneza tela hili ni mpuuzi! Nakwenda kukichomelea kikombe kwenye kirungu, viwe kitu kimoja. Tuone kama litatoka!"

"Na mimi sikorogi saruji," Mama Pacha akamjibu. "Wifi yangu angekufa leo, na wewe unatukana mafundi. Sikorogi mpaka tela liwe salama."

Jirani yao alisikia yote uani kwake. Huyo alikuwa mama wa makamo aliyeendesha trekta, kisha malori, mpaka akastaafu. Watu walimwita Mama Gia. Akaingia bila kubisha hodi.

"Uchomelee? Ukifika kwenye kona, pua itageuka vipi? Kirungu ni cha mviringo ili kikombe kizunguke juu yake. Ukivichomelea, kitavunjika chuma, halafu ivunjike shingo yako. Lete kitambaa na mafuta ya taa!"

Akasugua grisi na kutu. Kumbe kirungu kilikuwa na maandishi juu yake. Kikombe nacho kilikuwa na yake.

"Soma."

Baba Pacha akainama. "Kirungu, inchi mbili. Kikombe... inchi mbili na ushehe."

"Huo ushehe ndio uliotaka kumuua dada yako. Kikombe na kirungu lazima viwe saizi moja. Kikicheza, usitie mpira. Badilisha kirungu. Na viungio si vya aina moja. Trekta huvuta kwa pete na pini. Lori kubwa huibeba pua ya tela mgongoni, juu ya sahani ya chuma. Pikapu yako ni ya kirungu na kikombe. Basi fuata sheria zake. Haya, ulipakia matofali mangapi?"

"Themanini. Lakini tela lina nguvu! Limeandikwa tani mbili."

"Tela limeandikwa. Na pikapu je? Kitabu chake kiko wapi?"

Kitabu kilikuwa chini ya kiti, kimeliwa na mende pembeni. Mama Gia akaonyesha kwa kidole. Pikapu ile iliruhusiwa kuvuta kilo mia saba na hamsini, kama tela halina breki zake.

"Pikapu ina kikomo chake, kirungu kina chake, tela lina chake," alisema. "Unachukua kile kidogo kuliko vyote. Na uzito wa tela lenyewe unahesabiwa humohumo. Tela lako tupu ni kilo mia mbili na hamsini. Zinabaki mia tano. Tofali lako moja ni kilo ishirini."

Mama Pacha alikuwa ameshapiga hesabu. "Ishirini na tano," alisema. Akamgeukia mumewe. "Ishirini na tano, Baba Pacha! Wewe unapakia themanini!"

"Ishirini na tano ni mzigo wa toroli!" Baba Pacha akafoka. "Nitakwenda safari ngapi?"

"Nyingi," Mama Gia akasema. "Au tafuta tela lenye breki zake, kitabu kitakuruhusu zaidi. Na acha kujaza mkiani! Mzigo ukae juu ya magurudumu, usogee mbele kidogo. Kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee kwenye kirungu. Pua ikiwa nyepesi, tela linayumba."

"Sasa nitaiinua vipi?"

"Kwa jeki, bwana! Mkono wako si jeki."

Baba Pacha akaenda getini, akafungua mnyororo kwa hasira.

Walinunua kirungu cha saizi ya kikombe, chenye nguvu ya kutosha. Wakafunga jeki puani. Minyororo ikawa miwili, inayopishana chini ya pua, ili kikombe kikichomoka pua isianguke barabarani. Mama Pacha akarudi kukoroga saruji.

Siku ya kwanza ya kupakia, mwashi alikuja na kelele zake. "Ongeza kumi tu! Nafasi si hiyo?"

"Hayo kumi yatamwangukia nani?" Baba Pacha akamkaripia. "Dada yangu? Shuka kwenye tela langu!"

Kilimani, mshona nguo alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Baba Pacha akazima gari. Hakujitetea. Alizungusha jeki chini ya pua. Pua ikapanda, na mkia wa pikapu ukapanda nayo, maana kikombe kilikuwa kimekikamata kirungu. Dada akainama, akavuta minyororo, wa kwanza na wa pili.

"Pita," alisema. "Lakini nakutazama."

Alipita. Juu kidogo baiskeli ikamkatia njia, akafunga breki palepale mlimani, kisha akaondoka tena. Tela lilifuata bila kuyumba.

Aliporudi na tela tupu, alimkuta dada yake amekaa barazani, anashona kwa mkono. Hakuinua macho.

"Unakuja tena lini?"

"Sasa hivi, dada."

"Basi pitia kwa fundi anayeitengeneza cherehani yangu, uniletee. Na ole wako uipakie mkiani."