Miguu ya Musyoka

Jumatatu asubuhi, Ndunge alipokuwa akimwosha mumewe kitandani, alikuta tope kati ya vidole vya miguu.

Alilitoa kwa kidole. Ilikuwa miaka miwili Musyoka hajakanyaga ardhi, tangu jukwaa lilipokatika kwenye jengo la Riruta alikokuwa fundi wa mawe, akaanguka ghorofa tatu na kuvunjika uti wa mgongo. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Tope lenyewe lilikuwa bichi, la kijivu, na lilinuka saruji.

"Wewe, uliteremka?" aliuliza, akijaribu kutania.

"Na hii miguu? Niende wapi, disko?"

Walicheka, lakini harufu haikumtoka Ndunge puani.

Haikuwa wiki ya mzaha. Bima ya kazini ndiyo iliyowaweka kwenye kile chumba chao cha mtaa wa Raila, na ndiyo iliyomweka binti yao Katunge shuleni. Mkaguzi wa bima angekuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kwa miaka miwili ya mwanzo ilitosha kuonyesha kwamba Musyoka hawezi kurudi kwenye ujenzi. Kuanzia mwaka wa tatu, fomu ilitaka ionekane kwamba hawezi kazi yoyote ile. Ndunge alikuwa ameweka barua za daktari na picha za mgongo ndani ya bahasha moja, akailalia kama watu wanavyolalia Biblia.

Jumatano, kwenye foleni ya maji, jirani yake Nafuna alimgusa bega.

"Mama Katunge, kumbe mlitunyima habari! Jana mchana nimemwona Baba Katunge pale soko la Toi, anakata katikati ya mitumba kama soja. Namwita, hata hageuki. Ameanza madharau kabla hata ya kupona vizuri."

"Umemfananisha."

"Na lile kovu la shingo pia nimelifananisha?"

Ndunge aliuacha mtungi wake kwenye foleni. Alipita vichochoroni mbio, akiruka mitaro, na kabla hajafika mlangoni akasikia ndani nyayo zikipiga sakafu, polepole, mbele na nyuma, kama za mtu anayejaribu viatu dukani, na alipovuta pazia harufu ya saruji mbichi ikamjaa mpaka ulimi ukamkauka, akamwona mumewe amesimama wima katikati ya chumba, mikono inaning'inia, kidevu kimeangukia kifuani, macho yamefumbwa, anakoroma, huku miguu ikitembea, ikigeuka, ikitembea tena, na vidole vikijikunja sakafuni kwa raha.

"Funga pazia, Mama Katunge," sauti ikatoka kifuani mwa Musyoka. Midomo haikusogea. "Jua linaingia."

Miguu ikamrudisha kitandani, ikamlaza. Musyoka alipozinduka, Ndunge alikuwa amejikunyata kando ya jiko. Alimweleza alichokiona.

"Nilidhani ni ndoto," Musyoka alinong'ona. "Ile siku ya kuanguka, kuna kitu kilinidaka miguu hewani. Mpaka leo hakijaachilia."

Hakusema kwamba ndoto zile alikuwa akizingoja. Ndunge alijua, na hakuweza kumlaumu.

"Na mkaguzi akikukuta umesimama?"

"Nenda kwa pasta. Lakini mwambie akitoe kimyakimya, mama. Tafadhali."

Jumapili vijana wanne walimbeba mpaka kanisani. Ndunge alikuwa amemsihi Pasta Wanzala waombee faraghani, baada ya ibada. Wanzala hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewawekea wagonjwa mikono, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuka. Kwa hiyo Musyoka aliposimama katikati ya wimbo, akashuka njia ya kati ya viti kwa hatua ndefu, pasta alipiga magoti akalia kama mtoto, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Simu ziliinuliwa juu. Ndunge peke yake, aliyekuwa mbele kabisa, ndiye aliyeona kwamba macho ya mumewe yamefumbwa.

Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwa Ndunge.

"Shuhudia, mama! Usimnyime Bwana utukufu wake!"

Waliokuwa wamewachangia gharama za hospitali walikuwa pale, wamelowa machozi, wakingoja. Angewaambia nini? Kwamba huyo si yeye?

"Bwana asifiwe," alisema. "Mume wangu anatembea."

Kichwa kilicholala kikageuka upande wake, kikatabasamu.

Mkaguzi wa bima, msichana mpole aitwaye Mourine, alifika Ijumaa. Alimdunga Musyoka sindano nyayo zote mbili, na hapakutingishika kitu. Akaandika. Kisha, kwa aibu, akatoa simu.

"Hii video tumetumiwa ofisini. Huyu ni nani, mama?"

Ndunge alisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu ikishuhudia. "Si yeye," akasema. "Ni jini."

"Naandika wapi jini?" Mourine alimgeuzia fomu, na ilikuwa kama anauliza kweli. "Nionyeshe nafasi, nitaandika."

Malipo yakakatwa. Rufaa ilitaka picha mpya za mgongo na miezi sita ya kungoja. Katunge akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mwenye nyumba akafunga mlango kwa kufuli yake mara moja, kama onyo. Mchana mmoja, wakiwa hawajaonja kitu tangu jana, sauti ile ikasema:

"Mimi sichagui kazi. Nipeni mwili tu."

Musyoka alimgeukia mkewe.

"Mwache," alisema. "Mimi si nalala tu?"

Msimamizi wa ujenzi kule Riruta alimsifu: fundi habishani, halalamiki njaa, hata maji haombi. Katunge akarudi shule. Mwanzoni Musyoka alizinduka kila jioni, akauliza habari za mtoto. Baadaye ikawa Jumapili tu. Kisha Jumapili mbili zikapita bila yeye.

Jumapili ya tatu, mchana kweupe, Ndunge alimkalisha kitini, akamtikisa, akamlilia. Alimwita Musyoka, akamwita Baba Katunge, na kwa yote mawili sauti ya kifuani ikaitika vizuri tu. Mwishowe akainama, akamnong'oneza sikioni jina ambalo Musyoka alipewa na nyanya yake kule Kitui, ambalo alimtajia mkewe mara moja, usiku wa harusi yao, asilisikie mtu mwingine.

Midomo, kwa mara ya kwanza, ikasogea pamoja na sauti ile.

"Hilo," ikasema, "sikuwa nalo bado."