Zamu ya Kwenda Baharini

Ortwin Lachmund alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda cha pampu mjini Magdeburg, enzi za Ujerumani Mashariki. Kila jioni akirudi nyumbani, jambo la kwanza alilolisikia akiwa ngazini ni kikohozi cha binti yake, Annegret. Moshi wa mji ulikuwa umemkaa kifuani mtoto huyo. Daktari alikwisha sema: mpelekeni baharini wakati wa kiangazi, avute hewa safi.

Jioni moja ya mwezi wa Machi Ortwin aliingia ndani bila hata kuvua kofia.

"Siegmar amepata tena nafasi ya likizo," alimwambia mkewe, Gerlinde. "Baharini. Mwezi wa Julai."

"Pohle? Si alikwenda mwaka jana?"

"Huyo huyo. Alirudi kaiva na jua, akatutambia makombe yake ya ufukweni mpaka Krismasi."

Siegmar Pohle alifanya kazi kwenye mashine ya jirani. Ortwin alimwonea kijicho, wala tusimfichie. Alimwonea kijicho kwa kicheko chake, kwa keki za plamu za mkewe, na sasa kwa bahari.

"Ana shemeji kwenye kamati ya likizo," alisema.

"Umemwona huyo shemeji?"

"Sijamwona. Lakini inajulikana."

"Kamuulize Roswitha," alisema Gerlinde. "Usinimalizie roho mimi."

Roswitha Kunath alikaa ghorofa ya juu. Aliendesha kreni kiwandani, na mafundi wa kikundi chao walikuwa wamemchagua kuwa mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi wa vyuma. Ortwin alimkuta akimenya viazi.

"Siegmar hana shemeji popote," alisema Roswitha. "Ana mdomo. Alisimama kwenye mkutano wa kikundi akasema anataka bahari. Hakuna mwingine aliyeitaka. Wewe ulikuwa wapi?"

Siku ya mkutano Ortwin alikuwa ametokea lango la nyuma, akaenda kwenye kibustani chake nje ya mji. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alilipa ada, akabandika stempu kwenye kadi yake ya chama, akadhani amemaliza.

"Mikutano yenyewe ni maneno matupu," alijitetea.

"Mingi ni maneno matupu, sikatai. Hotuba ndefu, watu wanasinzia. Lakini likizo hugawiwa mwishoni, wakati wewe umeshafika kwenye karoti zako."

Alitupa kiazi kwenye sufuria, kisha akaendelea.

"Baba yangu alikuwa mwanachama zamani, viwanda vilipokuwa vya matajiri. Siku hizo wafanyakazi wa vyuma waligoma. Hitler akaja, akavunja vyama vyote, viongozi wakatiwa ndani. Baada ya vita chama kikarudi, ndani ya shirikisho moja la nchi nzima. Sasa kiwanda ni cha umma, na tunaambiwa umma ndio sisi. Nani ajigomee mwenyewe? Basi kugoma hakuna. Baba alikufa hajalipenda hilo. Lakini shirikisho lina nyumba za mapumziko ufukweni, na nafasi ikifika kwetu, kikundi ndicho kinachopendekeza nani aende. Hilo dogo tunalo. Usipokuja, atalichukua aliyekuja."

"Kila mtu anajua mtoto wangu anakohoa."

"Mimi najua, kwa sababu namsikia. Kule kwenye mashine umemwambia nani?"

"Kuomba ni aibu, Roswitha."

"Na kunong'ona vyooni kwamba Siegmar ana shemeji, hiyo si aibu?"

Masikio ya Ortwin yalipata moto.

"Nafasi haijathibitishwa," alisema Roswitha. "Njoo kwenye mkutano wa Alhamisi, ndipo itakapothibitishwa. Lete cheti cha daktari. Na useme habari za mtoto, si za Siegmar."

Alhamisi ilikuwa na jua zuri la kupalilia. Ortwin aliliangalia lango la nyuma, akageuka, akaenda kwenye bwalo la chakula. Hotuba ilikuwa ndefu kweli. Mzee mmoja alikoroma. Kisha wakafika kwenye likizo, na Ortwin akasimama. Neno "shemeji" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Binti yangu ana kifua kibovu," alisema. "Daktari anataka avute hewa ya bahari. Sijawahi kuomba."

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Siegmar. "Miaka yote hii tumesimama pamoja."

"Nilikuwa nakuonea wivu."

Watu walicheka. Siegmar hakucheka.

"Mimi nimeshamwahidi mke wangu," alisema.

"Wewe ulikwenda mwaka jana," alisema Roswitha. "Na tulikubaliana wenyewe, mwenye mtoto mgonjwa atangulie. Tupige kura."

Mikono ikapanda. Wa Siegmar ulipanda mwisho, tena haukuvuka sikio. Lakini ulipanda.

Mwezi wa Julai Annegret aliona bahari kwa mara ya kwanza. Alikula samaki wa kukaushwa kwa moshi, akachimba mchanga, akapigwa na upepo. Kabla likizo haijaisha alianza kulala usiku kucha bila kukohoa. Gerlinde alizoea kuamka kumsikiliza, na sasa aliamka akasikia ukimya.

Siku ya kurudi kazini, Siegmar alikuwa amekwisha washa mashine yake.

"Maji yalikuwaje?" aliuliza, macho kwenye chuma.

Ortwin alikuwa amebeba kombe mfukoni, zuri, la kuonyesha watu. Akamtazama mwenzake usoni. Sura ile aliijua. Alikuwa ameivaa yeye mwenyewe mwaka mzima. Akaliacha kombe mfukoni.

"Ya baridi," alisema. "Mwakani nafasi ikija, nitasimama niseme ni zamu yako."

"Wewe? Mkutanoni? Na karoti je?"

"Zitasubiri."