Mistari Nyuma ya Mlango

Likizo ilikuwa imeanza siku tatu tu zilizopita, lakini fundi cherehani alikuwa amechoka kama mtu aliyelea watoto kumi mwaka mzima. Watoto wake walikuwa wawili.

Mkubwa, msichana wa miaka kumi, aliitwa Kiroboto kwa sababu hakukaa mahali pamoja. Mdogo wake, msichana wa miaka mitano, aliitwa Kasuku kwa sababu kila alichosikia alikirudia. Baba yao alikuwa dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini. Basi katika ile nyumba ya vyumba viwili walibaki watu watatu, cherehani moja, na sketi arobaini za shule. Sketi zote zilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa.

Cherehani ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Fundi alipokanyaga pedali, Kiroboto aliruka kutoka kitandani. Alipokata uzi, Kasuku alivuta kitambaa. Alipoinama kutafuta sindano, wote wawili walikuwa chini ya meza wakigombania kopo la vifungo.

"Tulieni," mama alisema.

"Tulieni," Kasuku alirudia.

"Mama, twende darajani tukaone treni," Kiroboto alisema.

"Baadaye."

"Baadaye," Kasuku alirudia.

Daraja lilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, nyuma ya kinu cha unga. Kwa miguu ni dakika kumi. Treni ya asubuhi ilipita chini yake saa nne. Kiroboto alikuwa akisikia honi yake tangu azaliwe, ila kuiona hajawahi hata siku moja.

Mama hakuwa anadanganya. Moyoni alikusudia kwenda. Lakini kila alipotaka kuinuka, aliona rundo la sketi, na mguu ukarudi kwenye pedali. Akasema baadaye asubuhi, akasema baadaye mchana, akasema baadaye huku ana pini mdomoni.

Siku ya nne, Kiroboto hakuomba tena kwenda darajani.

"Afadhali, ameelewa," mama alijisemea. Masikini, hakujua. Mtoto hakuwa ameelewa. Alikuwa ameacha kumwamini.

Siku ya tano nyumba ilikuwa kimya. Mama alishona mikanda mitatu ya sketi bila kusumbuliwa, akafurahi. Kisha ule ukimya ukaanza kumchoma. Watoto wawili, nyumba ndogo, na hakuna hata kopo lililoanguka?

"Kiroboto!"

Kimya.

"Kasuku!"

Hata Kasuku hakurudia.

Aliingia chumba cha ndani. Hakuna mtu. Alifunga mlango atazame nyuma yake, labda wamejificha. Nyuma ya mlango aliona mistari iliyochorwa kwa chaki yake ya kushonea. Mistari mingi, imepangwa safu safu. Chini yake palichorwa treni yenye moshi.

Wamekwenda darajani! Alitoka nje na futi ya kupimia shingoni, kiatu kimoja mguuni. Hajafika kona, akamwona jirani yake, mama mpeleka barua, anakuja na mkoba wake begani. Mkono huu amemshika Kiroboto, mkono huu amemshika Kasuku.

"Pole, fundi," jirani alisema. "Nimewakuta ukingoni mwa barabara kubwa. Wanasubiri magari yaishe wavuke. Na magari ya barabara ile hayaishi."

Mkono mmoja wa mama ulitaka kuchapa, mwingine ulitaka kukumbatia. Mwishowe aliwarudisha hadi nyumbani, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Nani aliwaruhusu kutoka?"

"Ulisema baadaye," Kiroboto alijibu kwa sauti ndogo. "Nimekuwa nikihesabu. Ile mistari nyuma ya mlango ni baadaye zako. Zimefika arobaini na moja."

"Baadaye zako," Kasuku alisema, akaanza kulia.

Mpeleka barua aliwatuma watoto wakanawe miguu, kisha akaketi karibu na mwenzake.

"Nikuulize, fundi. Mteja akitaka sketi yake, unamwambia baadaye?"

"Thubutu. Atanila mzima. Mteja anataka siku na saa."

"Na unampa?"

"Nampa."

"Basi mpe na mtoto. Yeye hajui baadaye ni lini. Mwambie saa fulani, umwonyeshe kwenye saa ya ukutani. Ukisema saa nne, iwe saa nne. Kama leo huwezi, sema huwezi, halafu umtajie lini."

"Wewe unaona rahisi, dada. Sketi hizi nazo? Kichwa kinanizunguka."

"Sijasema uache kazi. Nasema saa moja tu kwa siku, na uwape mapema, kabla hawajaanza kukuvuta nguo. Kichwa kinazunguka kwa sababu wanakukatiza kila dakika. Mara arobaini na moja, fundi. Ungekuwa umekwenda darajani na kurudi."

Fundi alicheka bila kupenda.

"Sina hata nauli ya kuwapeleka popote," alisema.

"Nauli ya nini? Mimi nazunguka mitaa hii kwa miguu mwaka wa kumi na tatu sasa. Kuna watoto hapa hawajui nyuma ya nyumba yao kuna nini. Waache wachague wenyewe. Mtoto akichagua mwenyewe, hatachoka haraka. Na barabara uwafundishe wewe, kwa kutembea nao. Mtembee pembeni, upande ambao magari yanawajia mbele mkiyaona. Mvuke penye alama tu. Simameni, tazameni pande zote, shikaneni mikono. Tena asitoke mtoto bila kukuaga."

Jioni ile waliketi watatu mezani na karatasi. Kiroboto aliandika: daraja, kinu cha unga, kuchora ramani ya mtaa wetu, kushona mwanasesere kwa vipande vya kitambaa. Kasuku alipoulizwa anataka nini, alitaka kumwona mbwa wa muuza mkaa.

"Mbwa yule unamwona kila siku," dada yake alisema.

"Nataka kumwona vizuri."

Likaandikwa.

Kesho yake walivuka barabara pale penye alama, mikono imeshikana. Saa nne kasoro dakika tano walikuwa darajani. Mama hakutulia. Mguu wake wa kulia ulikanyaga hewa kana kwamba pedali iko pale. Alitazama saa, akatazama njia ya kurudi, akafikiria sketi. Kisha honi ikalia.

Treni ilipita chini yao, ndefu, imebeba magogo. Daraja lilitetemeka. Dereva alitoa mkono dirishani akawapungia, na Kasuku aliendelea kumpungia hata baada ya treni kutoweka.

"Ni chafu," Kiroboto alisema.

"Hujafurahi?"

"Nimefurahi sana."

Waliporudi, watoto walishika penseli na vipande vya kitambaa, na mama akashona sketi tatu kabla ya mtu yeyote kumwita. Si kila siku ilikwenda hivyo. Siku moja mvua ilinyesha, cherehani ikakata mkanda, na mama akasema, "Leo siwezi. Kesho saa tatu." Kiroboto alimtazama, akachukua chaki, akachora mstari mmoja nyuma ya mlango uliokwisha kufutwa. Kesho yake saa tatu mama alisimama amevaa viatu vyote viwili. Kiroboto aliufuta ule mstari mwenyewe.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, sketi thelathini na tisa zilikuwa zimekunjwa. Ya arobaini ilikuwa ya Kiroboto.

"Njoo nikupime," mama aliita.

Kiroboto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anamalizia ramani ya mtaa. Kinu kilikuwepo, daraja lilikuwepo, na mbwa wa muuza mkaa alikuwa mkubwa kuliko kinu.

"Baadaye, mama."

"Baadaye," Kasuku alirudia.

Mama alichukua chaki, akaenda nyuma ya mlango, akachora mstari. Kiroboto aliinua kichwa.

"Baadaye yako ni saa ngapi?" mama aliuliza.

Mtoto alitazama saa ya ukutani. "Mshale mrefu ukifika kwenye sita."

Mama aliketi akasubiri, mguu ukitikisika. Mshale ulipofika kwenye sita, Kiroboto aliweka penseli chini, akaja, akaufuta mstari kwa kiganja. Alisimama akipimwa kiuno. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya nne, aliomba mwenyewe.

"Mama, Jumamosi twende wapi?"

Mama alitoa pini mdomoni ili ajibu vizuri.

"Sema wewe," alisema. "Mimi nitakutajia saa."