Jiwe Lililotoka Jasho

Kila alasiri, akishatoka shuleni, Rael alipangusa vumbi katika maktaba ya Madam Nawal, mwalimu wa historia mtaani Al-Hamra, Jeddah. Mama yake, Selipher, alikuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo, na ndiye pekee aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba, naye humfungulia Rael.

Siku hiyo mezani palikuwa na kitu kigeni: kichwa cha mwanamke, cha marumaru, cheupe pe, macho hayana mboni. Rael alikipa mgongo, lakini alihisi kinamtazama kisogoni. Akafungua dirisha apate hewa. Alipogeuka, nywele zilimsisimka. Kichwa kilikuwa kinatoka jasho! Matone yalichuruzika polepole kutoka machoni hadi kidevuni.

"Kina pepo," alinong'ona.

Heri angekimbia! Alichukua mkasi, akakwaruza msalaba kwenye paji la kile kichwa, kama bibi yake alivyochora kwa chaki mlangoni kufukuza mabaya.

Jioni madam aliuona msalaba ule. "Selipher, ufunguo unao wewe. Nani amefanya hivi?"

"Sijui, madam. Haki ya Mungu, sijui."

"Halas, basi! Kesho unarudi Kenya."

Mama aliegemea ukuta. Rael, aliyejibanza nyuma ya mlango, aliona aibu zaidi ya hofu. Akaingia akilia.

"Ni mimi, madam. Kilitoka jasho, nikaogopa."

Madam alipapasa paji la kile kichwa. "Jiwe lilipoa kwa kiyoyozi," alisema, "nawe ukaingiza hewa ya bahari yenye unyevu. Ndiyo maji uliyoyaona. Hii ni nakala tu, ya kufundishia wanafunzi wangu. Njoo uone."

Akafungua kitabu. Pichani palikuwa na kichwa cha kale, pua imevunjwa, na msalaba pajini, palepale alipokwaruza Rael.

"Karne nyingi zilizopita," madam alieleza, "Wakristo wengi waliamini kwamba sanamu za miungu ya zamani zinakaliwa na mashetani, wakazichora misalaba kuyafukuza. Wengine walizipenda kwa uzuri wake tu, wakapamba nazo mabafu ya umma mjini."

"Msalaba huu wa pichani nao ulichorwa na nani?" Rael aliuliza.

"Hajulikani. Hakujitaja kama ulivyojitaja wewe." Kisha akamgeukia Selipher. "Nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza. Utabaki."

Selipher alimvuta binti yake kifuani. "Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Ila hofu ikikushika, uliza kwanza. Na ukikosa, sema mapema, mwingine asije akaibeba adhabu yako."

Rael aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.