Zizi Nililokataa Lipimwe

Mimi ni Magige, mkulima wa Butiama. Kila asubuhi mke wangu Rhobi alikamua ng'ombe zizini, nami nikawafunga maksai nira. Zamani baba yangu alichimba dhahabu hapo hapo. Alipokosa kitu, alifukia mdomo wa shimo kwa miti ya pamba na udongo. Juu yake tukajenga zizi.

Mwaka jana alikuja mtaalamu wa ardhi, Gaudensia, na kisanduku kidogo.

"Shikamoo mzee. Tunatafuta mashimo ya zamani yaliyobaki wazi chini. Naomba nipime na zizini."

"Marahaba. Hicho si cha kutafutia dhahabu?"

"Hapana. Ardhi inavuta kila kitu. Ndiyo maana jiwe ukiliachia linaanguka. Penye shimo chini, inavuta pungufu kidogo sana. Humu kisandukuni kuna kipande kidogo kuliko punje ya mtama, kimeshikwa na springi. Mvuto ukipungua, kinapanda kidogo. Mashine za zamani zilikuwa nzito na ghali. Hiki ni cha bei nafuu."

Nikacheka. "Kwa jirani yangu Chacha watu wa mgodi walikujaga hivyo hivyo, wakamhamisha. Pima kote, zizini hapana!"

"Baba Ghati, mwache apime," Rhobi akasema. "Baba yako si alichimbaga hapo?"

Nikamwambia anyamaze. Ujinga wangu huo unaniuma hadi leo.

Masika ilipokuja, zizi lilididimia Rhobi akikamua. Majirani walimtoa, mguu umevunjika vibaya. Maksai mmoja alifia chini.

Nilimpigia Gaudensia simu mwenyewe, kwa aibu. Alipofika aliomba ng'ombe wahamishwe, kwa sababu kwato hutikisa ardhi na kuharibu kipimo. Aliweka kisanduku hatua kwa hatua, akisubiri kila mahali. Alisimama kwenye ukuta wa chumba cha watoto, kilichopakana na zizi.

"Mzee, hapa mvuto umepungua. Huenda shimo limefika humu. Tutatoboa ardhi tuhakikishe. Ila leo watoto wasilale humu."

Tulihamisha vitanda siku ile ile. Walipotoboa, mita tatu chini walikuta uwazi. Kabla hatujaujaza mawe, mvua kubwa ikanyesha, na chumba chote kikazama. Hakikuwa na mtu.

Sasa tumejenga upande wa pili, penye ardhi iliyopimwa. Siku ya kuhamia, Rhobi aliingia taratibu kwa magongo yake.

"Watoto wangu wazima," akasema, akakaa.

Kuhusu mguu hajaniambia neno mpaka leo. Afadhali angenigombeza.